Stakabadhi Haipikiki: Maneno Niliyosema Ifakara Kuhusu Stoo ya Nyumbani

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana hapa Ifakara. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu vicheko na sehemu niliyopotea njia.

 

Najua mlitegemea msichana wa sheria aje kuwasomea vifungu. Vifungu vipo, vinakuja. Lakini niliomba nizungumzie stoo. Stoo ya nyumbani, pale jikoni au chini ya kitanda cha mama panapokaa mpunga, maharage, chumvi na dagaa. Kaka mmoja aliposikia mada akasema, "Hayo si mambo ya kina mama?" Nikamuuliza jana usiku alikula nini na nani alikinunua. Akacheka, tukaishia hapo.

Nianze na kwetu. Mwaka niliomaliza kidato cha sita, matokeo yalipotoka mwezi wa saba, mama aliuza mpunga wote. Wote, hata ule wa kula. Mkopo wangu wa chuo ulikuwa bado haujulikani, kulikuwa na nauli, godoro, hela ya kuanzia. Na mnajua bei inavyokuwa miezi ile. Bonde zima limetoka kuvuna, kuanzia Mlimba mpaka Mang'ula, na mnunuzi anajua kabisa kwamba wewe ndiye mwenye shida, siyo yeye. Anataja bei, unalia moyoni, unapokea.

Februari mdogo wangu akanipigia simu. Mama alikuwa anakopa mchele kilo moja moja kwenye duka la mtu yule yule aliyenunua mpunga wetu. Anaandikwa kwenye daftari, atalipa akivuna. Yaani inawezekana kabisa ule mchele ulikuwa wa kwetu, umekobolewa, umekaa kwenye stoo ya mwingine miezi saba, sasa unarudi nyumbani kwa bei nyingine. Na ile ya kulipa ukivuna maana yake msimu unaofuata unaanza ukiwa tayari umeshauza magunia ambayo hujayaona.

Kuna la pili ambalo liliniuma zaidi. Mdogo wetu wa mwisho alipelekwa zahanati mwezi ule ule, akaambiwa damu imepungua. Malaria hakuwa nayo. Nesi akauliza mtoto anakula nini. Wali. Na nini? Wali na chai. Mtoto alikuwa anashiba kila siku, jamani. Alikuwa anashiba na damu inapungua.

Tusidhani ni kwetu tu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa, jirani zetu hapo juu mlimani, wanaolima mahindi na viazi vya kulisha miji, ni zaidi ya nusu ya watoto. Zaidi ya nusu! Kwa hiyo kuwa na chakula kingi mkoani ni jambo moja, na kilichomo kwenye sufuria ya nyumba fulani mwezi wa pili ni jambo lingine. Kati ya hayo mawili kuna stoo.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hii ndiyo niliyokuja nayo. Chukueni simu, andikeni.

Nyumbani tupo sita. Tunapika kama kilo moja na nusu ya mchele kwa siku. Miezi ya shida ni Januari mpaka Aprili, siku 120. Mara moja na nusu, ni kilo 180 za mchele. Gunia la mpunga la kilo 100 ukilikoboa linatoa kilo 60 na kitu, mpaka 65 mashine ikiwa nzuri. Kwa hiyo magunia matatu ndiyo yanayovusha nyumba yetu kutoka Januari mpaka Aprili. Matatu tu. Mama hakuuza magunia matatu kwa sababu hajui kuhesabu. Aliuza kwa sababu hakuna aliyekaa naye mwezi wa saba akamwambia haya matatu tuyafunge, yahesabike kama hayapo, hiyo nauli tuitafutie njia nyingine. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia, na nilikuwa bize kushangilia matokeo.

Kila mmoja afanye hesabu ya kwao. Mkiwa wanane itabadilika, mkila ugali mchana itabadilika. Na wale ambao familia inahamia shambani masika, kwenye dungu, wahesabu sehemu mbili, kwa sababu wanaobaki mjini na watoto wa shule nao wanakula.

Mpunga ukishatengwa, stoo bado haijawa stoo. Ni mpunga tu. Kinachomtoa mtoto kwenye wali na chai ni vitu vidogo ambavyo mwezi wa saba na wa nane bado pesa ya mavuno ipo mkononi: debe moja la maharage, au kunde na mbaazi ambazo wengine mnalima wenyewe ila mnauza zote. Dagaa wakavu. Karanga. Chumvi yenye madini joto, na ikae kwenye chombo chenye mfuniko, maana ikiachwa wazi yale madini yanapotea. Mboga za majani bibi zetu walizikausha, majani ya kunde hasa. Zikaushieni kivulini. Jua kali linaua vitamini A, zinabaki majani tu.

Mchele wenyewe msiukoboe mpaka uwe kama karatasi. Vitamini B nyingi imo kwenye lile ganda la ndani linaloondoka na pumba, ndiyo maana kuku wetu wanang'aa kuliko sisi. (Hapo walicheka, lakini ni kweli.) Na unga wa dona una nguvu kuliko sembe, ila una mafuta ya kiini, hauvumilii kukaa. Saga kidogo kidogo, mahindi yabaki mazima.

Na ile chai. Chai ya rangi ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili usichukue madini chuma ya kwenye maharage na mboga. Isogeze saa moja mbele. Badala yake kamua ndimu au weka nyanya kwenye maharage, inasaidia madini yaingie. Hili halina gharama hata ya shilingi kumi, na nesi ndiye aliyemfundisha mama.

Kuhifadhi. Hapa kwetu shida ni unyevu, bonde lenyewe mnalijua. Nafaka ikiingia stoo haijakauka inapata ukungu, na ukungu mwingine unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, wala kwa kupeta ukatoa punje mbaya ukadhani umemaliza. Karanga na mahindi ndiyo ya kuogopa zaidi. Kipimo cha maskini ni hiki: chupa kavu, chumvi kavu kidogo, punje kiasi, tikisa, uache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, bado haijakauka, rudisha kwenye turubai juani.

Ipo mifuko ya tabaka tatu inayofunga hewa, wengine mnaiita PICS. Wadudu wanakosa hewa wanakufa, hutii dawa yoyote. Kwa kunde na maharage huhitaji hata mfuko. Dumu la lita 20 lililooshwa likakauka kabisa, lijaze mpaka juu, funga kizibo kwa nguvu, usifungue miezi miwili. Nimejaribu mwenyewe, hakuna hata tundu moja.

Haya, vifungu sasa.

Mnapouza, msipokee lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa kipimo halali, na gunia lisizidi kilo 100. Lile gunia lenye kichwa juu, lililoshonewa kilemba, ni kosa la kisheria, siyo desturi ya biashara. Kila kilemba ni mchele wa wiki nzima ya watoto wako umeutoa bure. Fanyeni hesabu: debe moja la mpunga juu ya kila gunia, kwa magunia kumi, ni madebe kumi. Hiyo ndiyo ile akiba ya Februari tunayoitafuta. Wakala wa Vipimo wapo, kazi yao ni hiyo, na mkulima mmoja akilalamika ni kelele, kitongoji kizima kikilalamika kwa maandishi ni jambo la kujibiwa.

Mtaniuliza stakabadhi ghalani je? Sheria yake ipo tangu mwaka 2005. Unapeleka mazao ghalani, unapewa stakabadhi, unauza bei ikipanda, hata kukopa unaweza kwa hiyo stakabadhi. Mimi siipingi, ikiendeshwa kwa uaminifu. Lakini ni kwa mpunga wa kuuza. Stakabadhi haipikiki. Yale magunia matatu yakae nyumbani.

Na Katiba? Ibara ya 9 inasema utajiri wa taifa uelekezwe kwenye kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Maneno mazuri sana. Halafu unarudi nyuma kidogo, Ibara ya 7(2), unakuta mahakama haina uwezo wa kuamua kama sehemu hiyo imetekelezwa. Mwaka wa kwanza mwalimu alipotuonyesha hilo nilidhani nimesoma vibaya. Nchi yetu imeingia kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni tangu 1976, na ibara yake ya 11 inataja chakula waziwazi kuwa ni haki. Lakini mama yangu hawezi kwenda mahakamani na daftari la deni akasema nimenyimwa. Tunapodai katiba mpya, hili ni mojawapo, na mkiulizwa mtaani katiba inaliwa? mna jibu.

Ila nitasema na lingine, tusikasirikiane. Nyumba yenye stoo tupu ni rahisi kununuliwa. Kilo mbili za unga na kanga moja, wiki ya mwisho ya kampeni, ni kitu kidogo kwa anayetoa na ni kikubwa sana kwa anayepokea akiwa na watoto watano. Sheria inaita rushwa. Mimi siwezi kumtukana mama aliyepokea, na nawaomba mwache kuwatukana mitandaoni. Mkitaka asipokee, kaeni naye mwezi wa saba.

Kwa wenzangu wa chuo na mnaokaa geto. Boom likitoka tunaishi kama wabunge, likikata tunaishi kwa maji na stori. Sisi wasichana wanne tulichanga tukanunua maharage debe moja sokoni badala ya kupimiwa kopo kopo dukani, na dagaa kisado. Tukagawana. Tuliloweka maharage usiku ili mkaa upungue. Hatukupendeza, lakini tulifika mwisho wa muhula bila kukopa kwa mtu, na kwa msichana kutokopa kwa mtu kuna maana yake, mnaelewa.

Mama mwaka jana alifunga magunia matatu. Moja alilifungua mapema, Desemba, kulikuwa na msiba. Tulibaki na mawili na tukakopa kidogo Aprili. Mwaka huu anataka manne.

Nimeonyeshwa saa. Nimekuja na daftari hili: tunachanga kununua mzani wa kuning'iniza, ukae kwa mwenyekiti wetu wa tawi, yeyote anayeuza mpunga auazime, hata kama si mwanachama. Andikeni majina kabla ya kuondoka. Maswali sasa, na tuanze na yule kaka wa nyuma, amenyoosha mkono tangu niliposema lumbesa.