Nyama ya Porini na Mnyoo Asiyeonekana



Barabara ya kutoka Manyoni kupitia Itigi hadi Tabora haiko mbali na njia ya zamani ya misafara, ile iliyokatiza pori la Mgunda Mkali. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, lakini wenye njia walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, pembe za ndovu begani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mpagazi alitua mzigo. Hamu ya nyama ya porini haikutuliwa. Mpaka leo msafiri wa njia ile hunong'onezwa kwamba kuna kitoweo kikavu kimefichwa nyuma ya nyumba.

Nazungumzia nguruwe pori, na jamaa yake ngiri. Waislamu wa Tabora mjini, ambao ni wengi, watanivumilia dakika chache. Sisi wengine tunajuana.

Kule Marekani nguruwe mwitu ni mgeni mvamizi. Wahispania waliwapeleka nguruwe huko karne ya 16, wengine wakatoroka wakazaliana porini. Kwetu nguruwe pori ni mwenyeji, na mvamizi ni shamba. Miombo inakatwa kupisha mahindi, karanga na tumbaku, naye usiku anakuja kula mahindi na karanga. Mkulima akimwua, hawezi kumwacha aoze.

Sasa, nguruwe huyu hali mizizi tu. Akikuta mzoga anakula, na ndani ya mzoga huo huenda mna mnyoo aitwaye trikinela, ambaye katika Afrika yetu hukaa hasa kwa simba, fisi na wanyama wengine walao nyama. Watoto wa mnyoo huyu hujikunja ndani ya msuli, kila mmoja urefu wa milimita moja hivi. Ukila nyama hiyo ikiwa haijaiva, hufunguka tumboni, hukua na kuzaa katika utumbo, kisha watoto wao husafiri kwa damu hadi kwenye misuli yako wewe.

Si hadithi. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa ya vijana waliougua baada ya kula nguruwe pori kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Aina hiyo ya mnyoo ikaja kupewa jina la George Nelson, mmoja wa watafiti wale. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki likaeleza mlipuko mwingine, safari hii Tanzania.

Mnunuzi wa kitimoto amezoea kutafuta vimfuko vyeupe kama punje za mchele. Hao ni watoto wa tegu, habari nyingine. Trikinela haonekani kwa macho, hata ya mkaguzi wa nyama, panatakiwa hadubini. Tangu kanuni za mwaka 2020 tunaruhusiwa kuwa na mabucha ya nyamapori, na mimi naunga mkono, kwani bucha lina anwani. Ila muhuri peke yake haumuui mnyoo. Moshi na jua navyo si vya kutegemea, wala friji kwa minyoo ya wanyama wa porini. Kinachoaminika ni moto: nyuzi 71 za Selsiasi hadi katikati ya pande. Kwa jiko la mkaa maana yake ni kukata vipande vidogo na kuchemsha mpaka ndani pasibaki wekundu. Ule mshikaki wa haraka haraka usubiri.

Linalonisumbua zaidi ni zahanati. Ugonjwa huanza na tumbo, halafu homa, kope kuvimba, misuli kuuma. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mgonjwa hasemi alikula nini kwa kuwa nyama haikuwa na kibali. Mwambieni daktari, jamani. Yeye si askari wa wanyamapori. Dawa zipo, albendazole mojawapo, nazo hufanya kazi vizuri zaidi mapema, mnyoo akiwa bado utumboni.