Msichana Chuoni na Mwalimu Mwanamke



Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mwaka 1976 wasichana walisamehewa sharti hilo, mlango ukapanuka. Lakini kuingia si kufaulu. Msichana asiyepata kufundishwa hesabu na mwanamke huweza kudhani somo hilo ni la wanaume. Amwonapo mwanamke akilifundisha, dhana hiyo hupungua nguvu.

Safari ya chuoni huanzia shule ya kijijini. Kwa hiyo walimu wanawake wasirundikwe Makambako, penye barabara kuu na reli ya TAZARA. Wapelekwe milimani pia, wakute nyumba tayari. Vyuo navyo viongeze wahadhiri wanawake, ili binti wa mkulima asijione mgeni darasani.