MALALE HUFUATA NYAYO ZA VITA

Tarehe 8 Agosti, 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kiasi cha kutokuwa tena tishio kwa afya ya umma. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Rwanda ilikwisha kupata uthibitisho wa namna hiyo, na Uganda nayo ikathibitishwa kwa moja kati ya aina mbili za malale zilizoko nchini humo. Hizo ni habari za kutia moyo. Lakini kwa ndugu wapiganaji na askari polisi, ambao wajibu wao huwapeleka porini na mipakani, habari hizo zina fundisho zaidi.

Malale huenezwa na mbung'o. Mdudu huyo, ambaye huuma mchana, humtia mtu vijidudu viitwavyo tripanosoma. Mwanzoni mgonjwa hupata homa na maumivu ya kichwa na viungo, hata hudhaniwa kuwa ana malaria. Baadaye vijidudu huingia katika ubongo, na hapo ndipo mpango wa usingizi unapopinduka: mchana mgonjwa husinzia akiwa kazini, na usiku hukesha. Tabia yake nayo hubadilika. Mtu mpole huweza kuwa mkali, na hodari akaonekana mzembe. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa. Aina ya Afrika ya Mashariki huua katika muda wa miezi michache. Ile ya Kongo na Afrika ya Magharibi huweza kujificha mwilini kwa miaka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria, hasa Busoga, nchini Uganda. Baadaye ugonjwa ulidhibitiwa, na katikati ya miaka ya 1960 bara zima la Afrika liliripoti wagonjwa wasiofikia 5,000 kwa mwaka.

Uliporudi tena, chanzo hakikuwa mbung'o peke yake. Kuanzia mwaka 1976, utawala wa Idi Amin ulipokuwa umeuvuruga uchumi wa Uganda, mashamba ya kahawa na pamba huko Busoga yaliachwa yakageuka vichaka. Mbung'o wakapata makao, na malale yakalipuka upya. Nchini Kongo, vikosi vya waganga vilivyokuwa vikizunguka vijijini kuwapima watu vilidhoofika kwa ukosefu wa fedha na usalama. Matokeo yake, mwaka 1998 nchi hiyo peke yake iliripoti wagonjwa zaidi ya 25,000. Mwishoni mwa mwaka huo huo malale yalizuka Soroti, mashariki mwa Uganda, yakiletwa na ng'ombe walionunuliwa kutoka sehemu zenye ugonjwa ili kujaza mazizi yaliyoachwa matupu na uasi na wizi wa mifugo.

Ni dhahiri, basi, kwamba malale hufuata nyayo za vita na uzembe wa utawala. Kinyume chake ni kweli pia. Waganga waliporejea vijijini, idadi ya wagonjwa ilishuka, na tangu mwaka 2018 Afrika nzima imekuwa ikiripoti wagonjwa wasiofikia 1,000 kwa mwaka. Ile sindano ya zamani yenye sumu ya aseniki, iliyokuwa ikiua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20, imepata mrithi wa vidonge vinavyoitwa feksinidazoli, ambavyo humezwa kwa siku kumi.

Kwa hiyo mpiganaji anayelinda barabara ili waganga wapite, na askari polisi anayekataa hongo anapokagua kibali cha mifugo mnadani, wote wamo katika vita dhidi ya malale. Nao wenyewe hawana budi kujilinda. Mbung'o huvutwa na magari yanayotembea, na pia na nguo nyeusi au za buluu iliyokolea. Wawapo doria, yafaa wavae mikono mirefu ya kitambaa kizito, na wakague gari kabla ya kupanda.

Kulala lindoni ni kosa kubwa, wala hakuna jeshi linaloweza kulivumilia. Hata hivyo, kamanda mwenye busara hutafuta chanzo. Si kila usingizi wa mchana ni malale: zamu za usiku zisizo na mapumziko huuleta, na vivyo hivyo kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini. Lakini askari hodari aliyerudi kutoka pori la mbung'o, akapata homa isiyosikia dawa, kisha akaanza kusinzia mchana na kukesha usiku, apelekwe kwanza kwa mganga, na damu yake ipimwe, kabla hajapelekwa mbele ya mashtaka. Adhabu huweza kungoja, malale hayangoji.