Daktari Aliyeamshwa Alfajiri
(Hotuba ya wauguzi wa chama, sherehe ya Uhuru)

  

Kamati imetuomba sisi wauguzi tuseme machache juu ya unyenyekevu na ujasiri kwa upande wa imani yetu ya Kikristo. Ndugu zetu Waislamu mtuvumilie dakika kumi. Pilau ipo, haikimbii.

Tungeweza kuanza na Mwenge uliowashwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961, lakini hilo watoto hutuigizia kila mwaka. Leo twende kwa jirani, Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa Dkt. Matthew Lukwiya. Alifariki 5 Desemba 2000, siku nne kabla ya sikukuu yetu. Sisi wakati huo tulikuwa vijana, tukiisikia Ebola redioni.

Lukwiya alikuwa Mwanglikana aliyeongoza hospitali ya Wakatoliki, St. Mary's ya Lacor. Alisoma hapa hapa Uingereza, Liverpool, akafaulu vizuri sana, kisha akarudi Gulu kwenye vita. Watoto mtatuuliza: na ninyi mbona hamkurudi? Swali halali. Sisi tulikuja kutafuta shahada ya uuguzi, tukaipata, tukapata na mkopo wa nyumba. Hatutawadanganya kwamba tulibaki kwa ajili ya Injili.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuchukua masista. Lukwiya akajitoa achukuliwe yeye. Walimtembeza porini karibu wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari, kisha wakamwachia.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni, pamoja na familia yake, akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi Lacor. Akapitia mafaili ya wagonjwa, akasoma vitabu, akatambua ni Ebola kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua nchini Uganda, 224 wakafa. Zaidi ya 10 kati yao walikuwa watumishi wa hospitali yake.

Mwishoni mwa Novemba wauguzi walichoka kuzika wenzao. Walikusanyika mamia, wakataka hospitali ifungwe. Sisi hatuwezi kuwalaumu. Tunajua ilivyo kuvaa glavu huku mikono inatetemeka. Lukwiya alizungumza nao saa nyingi. Aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, ila yeye anabaki. Mkutano ukaisha kwa wimbo, wakarudi wodini.

Lakini siku chache kabla ya mkutano ule jambo lilikuwa limekwisha kutokea. Alfajiri moja waliokuwa zamu walimwita: muuguzi mwenzao mgonjwa ametoka kitandani, amechanganyikiwa, anavuja damu, nao wanaogopa kumsogelea. Aliyeitwa ndiye mkubwa wa hospitali. Angeweza kumtuma mtu. Alivaa gauni, barakoa na glavu, akaenda mwenyewe kumsaidia. Kinga ya uso hakuvaa.

Hapa tuseme kama wauguzi: watoto msije mkadhani kuacha kinga ni imani. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake wajikinge. Alikuwa amechoka, na mtu alikuwa anaanguka mbele yake. Siku chache baadaye homa ikampanda. Akazikwa pale Lacor, akiwa na miaka 43.

Tukisoma Yohana 13, Bwana akijifunga kitambaa na kuosha miguu, tunamwona Lukwiya alfajiri ile. Kuosha miguu ilikuwa kazi ya mtumishi. Nyumbani jamaa zetu wanadhani tuna shahada ya Ulaya basi tunazunguka na kalamu tu mfukoni. Hatuwaambii kwamba tunasafisha wazee wa watu, tunabadilisha mashuka saa tisa usiku. Tunaona aibu, na kazi yenyewe haina aibu.

Sasa neno lililotuleta hapa mbele. Mwaka 2020, wakati wa korona, mwenzetu mmoja aliomba kuondolewa wodi ya wagonjwa wa oksijeni. Alikuwa na mama mzee nyumbani. Sisi tuliobaki tulipigiwa makofi mitaani kila Alhamisi jioni, na makofi yale yalitulevya. Tulimsema kwenye kundi letu la simu. Tukamwita mwoga, tena kwa maneno ya Biblia. Akatoka kwenye kundi, akaacha kuja kwenye sikukuu zetu.

Lukwiya, aliyekuwa na haki ya kumnyooshea mtu kidole, aliwafungulia mlango waliotaka kwenda. Sisi tuliufunga nyuma ya dada yetu, nasi hatukuwa tumemzidi ujasiri. Wawili kati yetu tuliomba kuondolewa wiki ile ile, tukakataliwa, tukanyamaza. Hili hatujawahi kulisema hadharani.

Mwezi uliopita tulikwenda kwake. Alitupikia chai ya tangawizi, akatusikiliza, akasema atafikiri. Alituruhusu tuyaseme haya bila kumtaja. Leo amekuja. Hatutamwonyesha kwa kidole. Kwake, na kwa mama yake aliye hai mpaka leo, tunasema mbele yenu wote: tulikukosea, dada, tunaomba utusamehe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumemaliza. Chakula kikipakuliwa, sisi wauguzi ndio tutakaohudumia meza, na vyombo tutaosha.