Upande Usiopigwa Picha

Mwaka 1858, katika mji wa Wetzlar nchini Ujerumani, msanifu majengo kijana aitwaye Albrecht Meydenbauer alipewa kazi ya kupima kanisa kuu la mji. Enzi hizo ukuta mrefu haukupimika mpaka mtu aupande. Meydenbauer aliupanda, na akiwa huko juu nusura aanguke. Aliponusurika alijiuliza kwa nini kamera isifanye kazi ile iliyotaka kumgharimu maisha. Ikiwa mahali kamera iliposimama panajulikana, na tabia ya lenzi yake inajulikana, basi picha mbili za ukuta mmoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili, zinatosha kukokotoa vipimo vya kila jiwe linaloonekana katika zote mbili.

Wazo hilo ni miongoni mwa mizizi ya fotogrametria, elimu ya kupima kwa picha. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilimfungulia Meydenbauer taasisi mjini Berlin, na kufikia mwaka 1920 ilikuwa imekusanya karibu negativu 20,000 za vioo, za makanisa, makasri na majumba. Vita Kuu ya Pili ilipobomoa miji ya Ujerumani, waliojenga upya walizirejea negativu hizo.

Mhadhara huu unatetea picha za namna hiyo. Majengo na mandhari mashuhuri ya dunia hupigwa picha usiku na mchana, na bado hujulikana nusu tu, kwa sababu wapigaji karibu wote husimama mahali pamoja. Huko Agra husimama kwenye ncha ya bwawa refu, Taj Mahal likiwa katikati kabisa ya picha. Huko Pisa hunyoosha mikono kana kwamba wanauzuia mnara usianguke. Hakuna ubaya katika kujifurahisha, na kila msafiri ana haki ya kumbukumbu yake. Hasara huja siku jengo linapopatwa na msiba, likahitaji kusemewa na picha zake.

Ushahidi wa hasara hiyo uko Bamiyan, Afghanistan. Katika jabali la bonde hilo zilikuwapo sanamu mbili za Buddha, moja ya mita 55 hivi na nyingine ya mita 38, zilizodumu kwa karibu miaka 1,400. Machi 2001 Wataliban walizilipua. Baadaye watafiti wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, chini ya Profesa Armin Gruen, walijaribu kuiunda upya sanamu kubwa ndani ya kompyuta. Walitumia picha kutoka vyanzo vitatu: zilizookotwa kwenye intaneti, zilizopigwa na watalii, na picha chache za vipimo alizopiga Profesa Robert Kostka wa Graz, Austria, mwezi Agosti 1970.

Picha za intaneti zilikuwa za ukubwa tofauti na za miaka tofauti, na haikujulikana zilipigwa kwa kamera zipi. Zilitoa umbo la jumla tu. Zile za Kostka zilitoa hata mikunjo ya vazi la Buddha. Mtu mmoja aliyejua anachokitafuta aliwapita watalii wote, na alikuwa amefanya kazi yake miaka 30 kabla ya mlipuko, bila kujua kwamba ingehitajika.

Paris nayo ilipata bahati ya aina hiyo. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa aliyefundisha Vassar College nchini Marekani, alilipima kanisa la Notre-Dame kwa leza mwaka 2010. Alisimamisha chombo chake mahali zaidi ya 50, akakusanya nukta zaidi ya bilioni moja, na kila aliposimama alipiga pia picha za kuzunguka pande zote. Alifariki Novemba 2018. Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Aprili 2019, moto ukaliteketeza paa, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa hazina walizozitegemea warejeshaji mpaka kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024.

Wafaransa walikuwa na mazoea hayo tangu zamani. Mwaka 1851 tume yao ya majengo ya kihistoria iliwatuma wapigapicha watano mikoani. Gustave Le Gray na Auguste Mestral waliipiga picha ngome ya Carcassonne kabla haijakarabatiwa, na leo picha hizo zinamwonyesha mtafiti kipi ni cha kale na kipi kiliongezwa na mkarabati. Mwenzao Édouard Baldus, alipokuta ua wa kanisa la Saint-Trophime huko Arles ukiwa na mwanga mkali upande mmoja na giza upande wa pili, alipiga negativu kumi hivi na kuziunganisha kwa mkono. Serikali ilizipokea kazi zao, ikazifungia bila kuzichapisha.

Jambo moja la enzi hizo linastahili kutajwa kwa sababu linauma. Mwaka 1850 Mfaransa Maxime Du Camp alipiga picha hekalu la Abu Simbel nchini Misri, likiwa bado limefukiwa na mchanga. Ili watazamaji waujue ukubwa wa sanamu, alimpandisha juu yake baharia Mnubi, Hajji Ismail, na ili asitikisike alimdanganya kwamba mrija wa lenzi ni mzinga utakaomlipua akijongea. Du Camp mwenyewe aliyaandika hayo. Kipimo kilipatikana, lakini kwa kumtisha mwenyeji. Mpiga picha wa leo anayeingia katika mtaa wa watu hana budi kubisha hodi kwanza, kisha atumie rula.

Mandhari nayo hubomoka, ila polepole. Mlima Kilimanjaro unauzwa duniani kwa picha moja: tembo wa Amboseli, mbuga, na kilele cheupe nyuma yao. Picha hiyo ni nzuri mno, lakini haisemi barafu ni kiasi gani. Tunalijua hilo kwa sababu mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupanda mlima wakiwa na kamera ya kupimia, na picha zao zikazaa ramani. Kulinganisha ramani hiyo na picha za anga za miaka ya karibuni kumeonyesha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2011 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu.

Zanzibar ndipo hoja hii inapogusa nyumbani. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, limepigwa picha kwa zaidi ya karne moja. Anayezitazama picha hizo kwa makini anaweza kukadiria umri wake bila kuambiwa. Zile za mwanzo zinaonyesha mnara wa taa ukiwa peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mabomu eneo la makasri kwa muda usiofika saa moja, na mnara ule ukaharibiwa. Katika picha za baada ya matengenezo, mnara wa saa umeungana na uso wa jumba lenyewe.

Mnara huo, pamoja na sehemu kubwa ya mbele, ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Sura ya jumba kutokea bustani ya Forodhani imo katika simu za watu wasiohesabika, wakati wa machweo, bahari ikimetameta. Fundi anayelirudisha anataka mengine: boriti za dari zimekaaje ukutani, nguzo za chuma zimefungwaje na roshani, ngazi zimepinda wapi, ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa gani na tangu lini.

Kazi ya namna hiyo haihitaji mtambo wa bei kubwa. Tuchukue mlango mmoja wa Mji Mkongwe. Mpiga picha aliyeelewa kazi yake hauendei saa sita mchana, jua la utosini linapoukata mlango kwa vivuli vikali. Hungoja kivuli tulivu, akabisha hodi, akaweka rula kwenye kizingiti, akasimamisha kamera kwenye stendi yake usawa wa katikati ya mlango, bila kuielekeza juu wala chini, miimo isije ikaegemeana. Baada ya picha ya kwanza husogea hatua moja pembeni, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, maana bila kupishana huko kompyuta haiwezi kupima. Kisha hurudi jua la asubuhi au la alasiri linapopita ubavuni mwa mbao, kwa kuwa mwanga huo ndio unaofichua kina cha patasi katika nakshi. Hukaribia mfaa, misumari ya shaba, bawaba. Mwisho humwomba mwenye nyumba ruhusa ya kupiga na upande wa ndani. Akifika kwake huandika tarehe, mtaa, na mlango umeelekea wapi.

Picha nyingine za aina hii zimekwisha kupigwa bila kukusudiwa. Tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, na hata kabla yake, Unguja ilikuwa na wapigapicha hodari, na familia zimepigwa picha za harusi, za mahafali na za Idi mbele ya kuta, ngazi na roshani ambazo sasa zimebadilika au hazipo. Beit al-Ajaib lilipokuwa makumbusho, watoto wa shule walipiga picha ndani yake. Mwenye albamu ya namna hiyo, awe Unguja, Mombasa, Maskati au London, asisubiri kuombwa. Aandike nyuma ya kila picha mwaka, mahali na jina la aliyeipiga, kisha azipeleke zikanakiliwe Nyaraka za Taifa Zanzibar, hapo Kilimani, na arudi na albamu yake nyumbani.