NANI ALICHORA RAMANI YA KIJIJI CHAKO?

Ndugu msomaji, haya niliyazungumza na vijana wa Kahama. Nayaleta kwako kwa sababu nawe yanakuhusu. Swali langu ni moja: nani alichora ramani ya mahali unapolala?

Usinijibu kwamba ramani ni kazi ya wataalamu. Tuanzie Mwadui. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Canada, aligundua almasi pale. Ukajengwa mji wa mgodi ndani ya uzio, una hospitali na uwanja wa ndege. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi huo lilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya wanavijiji. Almasi hubaki ndani ya uzio, tope hutoka nje!

Wala wageni peke yao hawakutupanga. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Msukuma aliyezoea kaya yake katikati ya shamba lake akahamishiwa kwenye mistari ya nyumba. Alielezwa habari ya shule, maji na zahanati. Hakuulizwa anataka kukaa wapi.

Agosti 1996 ikawa zamu ya Bulyanhulu. Serikali iliamuru wachimbaji wadogo waondoke kuipisha kampuni iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Canada. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na ubishi wake ni mrefu. Lakini habishi mtu kwamba wananchi waliondolewa. Palikuwa na maisha pale: maduara, vibanda, maduka, mama ntilie. Katika karatasi za wakubwa, lile lilikuwa eneo la leseni tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bulyanhulu mgeni alikuja, mwenyeji akahama!

Geita nako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mwaka 2007 familia za Mtakuja ziliondolewa, zikaishi miaka kadhaa kwenye mahema mjini Geita, mji unaojulikana duniani kwa dhahabu.

Kilio hiki si chetu peke yetu. Lesley Lokko, msanifu majengo na mwalimu mwenye asili ya Ghana na Scotland, alisimamia maonyesho ya kimataifa ya usanifu mjini Venice mwaka 2023. Zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa Waafrika, au watu wa asili ya Afrika waishio ng'ambo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, watu wetu walichorewa miji na wengine. Sasa wanadai kalamu. Kama kalamu inadaiwa Venice, kwa nini isidaiwe Kakola?

Tuitazame sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo, waziri ndiye anayeamua. Yaani kipande kidogo kauli ni yako, kikubwa kauli ni ya mkubwa!

Nawaambia na wanamageuzi: tusiishie kudai fidia. Sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, na tuendelee kuidai. Lakini fidia huhesabu bati na miembe. Haimrudishi jirani uliyezikana naye, wala haisogezi shule karibu na mtoto wako. Tudai kukaa mezani kabla mstari haujachorwa, na tudai kifungu hicho kibadilishwe ili kijiji kiwe na kauli hata juu ya eneo kubwa.

Wewe msomaji, usingoje chama. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uliza mpango wa matumizi ya ardhi uko wapi. Tazama kisima chako na shamba lako viko upande gani wa mstari. Ukiambiwa ramani ni siri, rudini mkiwa wengi, mtake mkutano mkuu uitishwe.

Siku ya katapila si siku ya kuuliza.