Msumeno wa Moto: Tuanze na Kilicho Chepesi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Michenzani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya msumeno wa moto, kwa kuwa Jumapili ijayo tutakwenda skuli kukata mivinje na minazi iliyoangushwa na upepo wa masika. Najua wapo watakaouliza: mtu wa ofisini, mkaazi wa majumba ya Michenzani, ghorofa ya tatu, asiyekuwa na hata mti wa kivuli, anajua nini juu ya msumeno? Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe. Mficha uchi hazai.

Zamani kidogo, nikiwa kijana mwenye digrii mpya, nilipangiwa kazi shamba. Usiku mmoja wa mvua mwembe ulianguka ukaziba barabara. Upande wa pili kulikuwa na gari iliyombeba mama aliyeshikwa na uchungu, akipelekwa hospitali. Nikaletewa msumeno. Nikavuta kamba mara kumi, kimya. Nikachukua bisibisi nikaanza kuzungusha skrubu za kabureta, kushoto na kulia, kama mtu anayejua. Saa nzima ikapita.

Akatokea mzee mmoja fundi, hana cheti hata kimoja. Hakuuliza lolote juu ya kabureta. Alifungua kopo la petroli akanusa, akaimwaga. Ilikuwa imekaa miezi. Akatoa chujio la hewa, limegandana kwa vumbi la mbao na oili, akalisafisha. Akaipangusa plagi. Kisha akazirudisha skrubu nilizoziharibu mimi, na msumeno ukawaka. Lakini yule mama alikwisha kujifungua garini. Mtoto na mama walisalimika, alhamdulillahi, ila ile saa moja siisahau.

Funzo nililolipata ni hili: chombo kikigoma, anza na kilicho chepesi, umalizie na kilicho kigumu.

Kwanza, petroli. Injini hii ni ya mipigo miwili, haina oili yake ya ndani. Oili huchanganywa na petroli. Mashine nyingi za siku hizi hutaka mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, nyengine 40. Fuata kitabu cha mashine. Changanya ya kutosha kazi yako tu, isikae zaidi ya mwezi.

Pili, chujio la hewa. Tatu, plagi. Ikiwa imerowa petroli, injini imezama: ikaushe, choki isitumike, vuta kamba mara chache, kisha uirudishe. Nafasi ya kati ya ncha zake huwa kiasi cha nusu milimita. Kabureta ni ya mwisho. Anayepunguza petroli kwa kuzungusha skrubu ovyo hupunguza na oili pia, na pistoni huungua.

Sasa mnyororo. Legeza nati za ubavuni, nyanyua ncha ya upanga, kaza skrubu ya mnyororo mpaka uguse upanga kwa chini, kisha kaza nati ungali umeinyanyua ncha. Injini ikiwa imezimwa na mkono umevaa glavu, mnyororo uvutike bila ya kukwama. Ukipata moto hurefuka, basi upime tena. Kazi ikisha, ulegeze, maana ukipoa hujikaza.

Meno ya mnyororo yana historia. Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon, Marekani, alimwangalia funza atoboaye magogo, akaona anakata kulia na kushoto kwa zamu. Akaiga taya zake, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wa namna hiyo. Ndio huu tunaoutumia. Kwa hiyo meno ya kulia na ya kushoto lazima yalingane. Yanolewe kwa tupa ya mviringo ya kipimo chake, kutoka ndani kwenda nje, aghalabu kwa pembe ya digrii 30, kila jino idadi ile ile ya mipigo. Msumeno ukienda upande, upande mmoja umenolewa zaidi. Ukitoa unga badala ya vipande, ni butu. Nawatahadharisha na minazi: mnazi mzee ni mgumu nje kuliko ndani, na humaliza makali upesi mno. Chukueni minyororo ya akiba.

Kabla ya kukata, mambo matatu. Elekeza ncha ya upanga kwenye kipande cha karatasi, upige mbio. Mstari wa oili ukionekana, mnyororo unapata oili. Injini ikinguruma polepole, mnyororo usizunguke kabisa. Ukizunguka, punguza mwendo. Na breki ijaribiwe kila asubuhi. Usikate kwa sehemu ya juu ya ncha ya upanga, kwani hapo ndipo msumeno humrukia mwenyewe.

Na hayo yote yatanguliwe na kibali. Tunayo Sheria ya Misitu, Namba 10 ya 1996, na kisiwa chetu ni kidogo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja kwa siku moja. Msumeno mikononi mwa mtu asiye na adabu unaweza kufanya hivyo taratibu, bila ya upepo.

Ndugu zangu, skuli yetu ilitufundisha kupanda hesabu kutoka jepesi kwenda gumu. Mimi nilipita Chuo Kikuu nikalisahau, nikakumbushwa barabarani na mzee aliyenusa kopo la petroli. Jumapili, wanafunzi wadogo wakae mbali, wakubwa tuvae viatu vigumu, na asiyejua aulize.